Sijasikia sauti wala kuota ndoto: je, naweza kuwa mchungaji?

Swali: Shikamoo Mchungaji. Nina miaka 31, ni mwalimu wa sekondari huku Makete, nina mke na mtoto mmoja. Kwa miaka sita nimekuwa mzee wa kanisa kwenye mtaa wetu. Nahubiri mwinjilisti anapokuwa safarini na nafundisha watoto wa kipaimara. Mwezi uliopita wazee wenzangu waliniita wakasema wanataka kunipendekeza niende chuo cha theolojia. Kazi ya Mungu naipenda, sitaki kujificha. Lakini sijawahi kusikia sauti, sijaota ndoto, hakuna aliyenitabiria. Rafiki yangu anayechunga kanisa la kiroho mjini ameniambia wazi kwamba asiye na wito maalumu akisimama madhabahuni atakufa kiroho yeye na watu wake. Fomu ya maombi ina sehemu imeandikwa "Eleza wito wako", na nimekaa nayo wiki tatu sijaandika neno. Niingie au niache?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Nianze na hiyo sehemu ya fomu, maana naijua vizuri.

Nilikaa mbele ya kamati ya usaili nikiwa na miaka 24. Walikuwepo wachungaji watatu na mzee mmoja wa kanisa, meza ina kitambaa cha kudarizi, birika la chai limefunikwa kwa sahani. Mwenyekiti akaniuliza, "Kijana, wito wako ulikujaje?" Ukweli ni kwamba haukuja kwa namna ya kusimulika. Mwinjilisti wetu alikuwa akinichukua misibani nimbebee kitabu cha ibada. Siku moja sauti ikamkauka makaburini, akanipa kitabu nisome mimi. Baada ya hapo watu wakaanza kunifuata nyumbani wakiwa na mgonjwa. Basi. Lakini wenzangu waliotangulia kuingia chumbani walitoka wakisimulia ndoto, nami nikaona aibu kuingia mikono mitupu. Nikaiambia kamati kwamba niliota mtu mwenye kanzu nyeupe akinikabidhi fimbo. Mtu mwenye kanzu nilimwota kweli, utotoni, nikiwa na homa. Fimbo niliiongeza pale pale mezani. Walifurahi, wakaandika.

Baadaye nikakaa upande wa pili wa meza ile kwa miaka mingi, na nimeisikia fimbo ile ikikabidhiwa tena na tena na vijana tofauti. Sisemi wote walidanganya. Nasema sisi wenye kuuliza ndio tuliowazoesha kuamini kwamba jibu linalokubalika ni moja tu. Kwa hiyo wiki tatu zako za kutoandika kitu nazihesabu kuwa ushahidi mzuri juu yako.

Sasa swali lenyewe. Wito unahitajika, na hapo sina shaka. Yeremia 23 Mungu analalamika, "Mimi sikuwatuma manabii hawa, lakini walikimbia," na Paulo anawauliza Warumi watu watahubirije wasipopelekwa. Ila wito ni kitu kimoja, na tukio la ajabu ni kitu kingine. Rafiki yako ameviunganisha hivi viwili mpaka vimekuwa kimoja, na hajafanya hivyo peke yake. Nusu ya mahubiri ninayoyasikia juu ya wito yanafanya vivyo hivyo.

Tazama wale tunaowataja siku zote: Musa kwenye kijiti kiwakacho, Isaya hekaluni, Yeremia, Sauli njiani kwenda Dameski. Ni kweli waliitwa kwa namna ya kutisha. Lakini kila mmoja wao alikuwa anatumwa kusema neno ambalo hakuna mtu angemtuma kulisema. Nani katika Israeli angempigia kura Yeremia? Mtu anayepeleka ujumbe wa namna hiyo, Mungu mwenyewe humpa barua mkononi. Sasa mtazame Paulo huyo huyo, ambaye wito wake ulimwangusha chini, anapomwelekeza Timotheo namna ya kuwapata wasimamizi wa kanisa. Angeweza kuandika, "Atafutwe mtu aliyeona nuru." Hakuandika hivyo. Aliandika kwamba mtu akitaka kazi ya askofu, atamani kazi njema. Kisha akataja asiyelaumika, mume wa mke mmoja, mkaribishaji, ajuaye kufundisha, anayeisimamia nyumba yake vema, asiwe ameongoka karibuni, na tena ashuhudiwe mema na watu walio nje. Soma 1 Timotheo 3 yote, kisha Tito 1. Ndoto hutaikuta. Utakuta mlango wa nyumba ya mtu, watoto wake, ulimi wake, fedha zake, na jirani asiyesali anasema nini juu yake.

Na Timotheo mwenyewe aliingiaje? Matendo 16 inasema alikuwa ameshuhudiwa vema na ndugu waliokaa Listra na Ikonio, na Paulo akamtaka afuatane naye. Watu wa miji miwili walimjua, na mtumishi mwenye uzoefu akamchukua. Miaka inapita, Paulo anamwandikia asiiache karama iliyomo ndani yake, aliyopewa "kwa unabii na kwa kuwekewa mikono ya wazee". Unabii upo hapo, siuondoi. Ila uko pamoja na mikono ya wazee. Hata Antiokia, Roho aliposema "Nitengeeni Barnaba na Sauli", alisema katikati ya kanisa lililokuwa kwenye ibada na kufunga, juu ya watu ambao tayari walikuwa wakifundisha humo humo. Samweli alisikia sauti yenyewe kabisa, na bado alikimbilia kwa Eli mara tatu. Mzee yule, pamoja na udhaifu wake wote, ndiye aliyetambua ni nani anayeita. Mwalimu, wewe una Eli kadhaa waliokuita kwenye kikao, halafu unahangaika kwa kuwa hujaisikia sauti usiku.

Sisi Walutheri tungepaswa kulijua hili kuliko wengine, kwa sababu ya Luther mwenyewe. Julai 1505, akiwa kijana anayesomea sheria, radi ilipiga karibu naye njiani, jirani na kijiji cha Stotternheim, akalia kwa Mtakatifu Anna na kuahidi kuwa mtawa. Kamati yoyote ya usaili ingeupokea ushuhuda huo kwa machozi. Lakini radi ile ilimpeleka mahali ambapo baadaye alipaacha: mwaka 1521 aliandika kwa ukali juu ya nadhiri za utawa, na mwaka 1524 akalivua vazi la kitawa. Jambo lililomshikilia halikuwa radi. Mkuu wake katika shirika la watawa, Johann von Staupitz, alimkalisha chini ya mti wa mpea kule Wittenberg akamwambia imempasa kuwa daktari wa theolojia na kuhubiri. Luther akatoa sababu chungu nzima za kukataa, pamoja na kwamba kazi hiyo ingemuua. Staupitz hakumwachia. Oktoba 1512 akapokea udaktari na kuapa kuyafundisha Maandiko kwa uaminifu. Miaka ya vita ilipofika, watu wakamuuliza ametumwa na nani kuipinga Roma, jibu lake lilikuwa lile la mwaka 1512: sikuitaka kazi hii, niliitwa, nilitii, niliapa. Aliegemea kitu kilichofanyika mchana, mbele ya mashahidi. Ndiyo maana Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tamko la imani yetu Walutheri, kifungu cha 14, linasema asiwepo mtu wa kufundisha hadharani kanisani wala kutoa sakramenti pasipo kuitwa kwa utaratibu. Halikudai maono. Lilidai utaratibu.

Wakatoliki nao walilipitia. Mwanzoni mwa karne ya 20 padri Mfaransa, Joseph Lahitton, aliandika kwamba wito wa upadri hautegemei mvuto fulani wa ndani anaousikia kijana. Likazuka bishano kubwa. Mwaka 1912 tume ya makardinali iliyowekwa na Papa Pius wa 10 ikakubaliana naye: kinachotakiwa kwa mwombaji ni nia njema na kufaa kwa kazi, na anayeita ni askofu kwa niaba ya Kanisa.

Hapa kwetu, mfano ninaoupenda kuliko yote ni Apolo Kivebulaya, mmisionari wa Anglikana kutoka Uganda. Alibatizwa Buganda mwaka 1895, na mwaka huo huo akajitolea kwenda kufundisha dini Toro. Mwaka 1896 akavuka kwenda Mboga, upande ambao leo ni Kongo. Hakuna aliyemtabiria, palihitajika mtu, akaenda. Chifu wa Mboga alimchukia, Apolo akapigwa, akafikia kufungwa. Ni katika kifungo hicho alipomwona Kristo aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa yupo pamoja naye. Tafadhali angalia mfuatano wake: kwanza alijitolea, akatumwa, akateseka, maono yakaja yakamkuta kazini. Akawekewa mikono kuwa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903, na alipofariki mwaka 1933 alizikwa kichwa kikielekea magharibi, kwenye misitu ya Kongo, kinyume na desturi, kwa kuwa huko ndiko kazi ilikokuwa ikiendelea.

Na ukitaka upande wa pili, yupo Edmund John, mdogo wake Askofu Mkuu John Sepeku wa Anglikana hapa Tanzania. Huyu alisimulia kuitwa waziwazi, na huduma yake ya maombi na uponyaji iligusa watu wengi mno hadi alipofariki mwaka 1975. Hakuwa kasisi. Aliisikia sauti, akabaki mlei. Kwa hiyo hata mwenye sauti si lazima iwe inampeleka kwenye joho.

Rafiki yako sitamkejeli, si moyoni wala kwa maandishi. Analijua jambo moja la kweli: kazi hii ina siku za kumvunja mtu, na mtu asiye na kitu cha kushika atavunjika. Tunatofautiana juu ya hicho cha kushika. Nikueleze cha kwangu.

Mwaka wangu wa tano wa uchungaji, usharika wa milimani, surua iliingia kijiji kimoja. Nilizika watoto watatu wa nyumba moja ndani ya siku kumi na mbili. La tatu lilikuwa kaburi fupi kiasi kwamba mchimbaji mmoja alitosha. Mama yao hakulia. Alinitazama tu wakati nasoma. Usiku ule nilikaa jikoni, taa ya chemli imeisha mafuta, nikijiuliza nani alinituma kwa watu hawa. Nikaitafuta ndoto yangu. Sikuweza kuiegemea hata kidogo, kwa sababu nilijua fimbo niliitoa wapi. Kilichonijia ni siku ya kuwekewa mikono: uzito wa mikono ile kichwani, mmoja ukitetemeka kwa uzee, na sauti ya bibi mmoja wa usharika wetu, bibi aliyenifundisha Amri Kumi, ikitangulia wenzake kujibu "Tunamkubali!" kanisa lilipoulizwa. Hiyo sikuitunga. Ilitokea, na watu walikuwepo. Asubuhi nilirudi kwa yule mama.

Hicho ndicho ninachoogopa juu ya wito ambao shahidi wake ni mwenye wito peke yake: hakuna anayeweza kumuuliza. Mwaka 2023 sote tuliona Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilipofukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu. Hapo tatizo halikuwa uhaba wa watu waliosema wametumwa na Mungu. Hapakuwa na mikono ya wazee yenye uwezo wa kusema "hapana, ndugu". Rwanda wao, kwa sheria ya mwaka 2018, waliamua kudai elimu ya chuo kikuu na masomo ya dini kwa viongozi wa madhehebu. Naielewa hofu yao, na mimi nimefundisha theolojia, naiamini elimu. Lakini cheti nacho hakimwiti mtu. Nimewapa alama za juu watu ambao nisingewakabidhi kondoo mmoja.

Nikikuacha hapo utadhani nimekwambia wazee wakisema, basi nenda. Sivyo. Petro anataka kundi lichungwe "si kwa kulazimishwa, bali kwa hiari". Nimeona vijana waliosukumwa na ukoo uliotaka jina la mchungaji ndani ya nyumba, na nimeona waliokuja kwa sababu ajira hazipatikani na chuo kina bweni. Wote wawili huteseka, na usharika huteseka zaidi. Hivyo hamu yako ina maana kubwa, na umeandika kwamba kazi unaipenda. Nataka nijue unaipenda ipi.

Mimbari ni saa moja kwa juma. Kazi yenyewe iko kwingine: ndugu wawili wanaogombea mpaka wa shamba na kila mmoja amekuja na panga, daftari la sadaka lisilolingana na fedha iliyopo mezani, na mtunza hazina ni rafiki yako, mzee mwenye kidonda kinachonuka anayetaka ukae, usiombe haraka ukaondoka, posho iliyochelewa mwezi wa tatu. Je, ukiwa mzee wa kanisa tu, bila posho wala cheo, haya unayafanya? Watu wakifiwa saa nane usiku, wanagonga kwako au wanaupita mlango wako kwenda kwa mwingine? Watoto wako wa kipaimara, wale wagumu, bado wanakuja kwako baada ya kupata kipaimara? Haya usijijibu mwenyewe. Mwombe mwinjilisti wenu akujibu, na mwombe akujibu mkiwa wawili, akiwa na ruhusa ya kukuumiza. Kisha tafuta mtu wa nje, kama Paulo alivyoagiza: mkuu wako wa shule, au mwenye duka unayekopa kwake sukari. Yeye anakujua tarehe 20 ya mwezi ulivyo.

Na mkeo. Barua yako ndefu imemtaja mara moja tu, kwenye kuhesabu familia. Mwalimu, nakusihi kama baba. Yeye ndiye atakayeamka kuwapikia wageni usioweza kuwarudisha, ndiye atakayehama nyumba asiyoichagua, ndiye ambaye kitenge chake kitajadiliwa. Akisema "sitaki", usimwite Delila. Msikilize mpaka ujue hofu yake ina jina gani. Pengine ni ada ya mtoto, pengine ni upweke, pengine ameona kitu kwako ambacho wazee hawajakiona. Mimi kama mjumbe wa kamati nilijifunza kuongea na mke kabla ya mume, tena jikoni, na mara mbili maneno yake yaliniokoa na kosa kubwa.

Ukigundua kwamba unachokipenda ni kufundisha watoto na kuhubiri siku mojamoja, ubaki darasani. Ualimu ni wito kamili mbele za Mungu, haungojei joho ili uhesabiwe, na mtaa wenu unamhitaji mzee wa kanisa mwenye mshahara wake anayeweza kusema kweli kwenye kikao bila kuogopa njaa. Kubaki kwako hakutakuwa kumkimbia Mungu kama Yona. Wazee wanaweza kukosea pia, waambie kwa heshima.

Lakini kama mwinjilisti, mkeo na mwenye duka wote wanakuelekeza upande ule ule ambao moyo wako umeshaelekea, sioni unangojea nini zaidi. Waombe wazee wakupe kwanza mwaka mmoja wa kusaidia mtaani kwa ratiba inayojulikana: misiba, wagonjwa, na jumuiya mbili za mbali. Paulo alisema mtu asiwekewe mikono kwa haraka, na mwaka hautakupotezea kitu. Fomu ijaze mwaka ukiisha.

Ukifika kwenye "Eleza wito wako", andika kama ulivyoniandikia mimi. Andika kwamba hukusikia sauti. Andika tarehe wazee walipokuita, na walisema nini. Andika jina la mtu wa kwanza aliyekugongea mlango usiku, ulienda, na ilikuwaje. Andika hofu ya mkeo na mlivyoizungumza. Kama nafasi waliyoacha haitoshi, bana karatasi nyingine nyuma, na umpe mwinjilisti aisome kabla hujaituma.